Mzazi Ni Nani Katika Karatasi?



Kila mwaka, majani ya miti yaanzapo kupukutika hapa Illinois, karatasi moja huingia katika nyumba zenye kijana anayekaribia kumaliza shule ya sekondari. Jina lake ni FAFSA. Siku hizi hujazwa katika mtandao, lakini watu wetu bado huiita karatasi, nami nitaiita hivyo. Ndiyo maombi ya msaada wa serikali kuu ya Marekani kwa mwanafunzi aendaye chuo. Na majimbo mengi, Illinois likiwa mojawapo, huitumia hiyo hiyo katika kugawa misaada yao wenyewe. Kwa desturi hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na kuijaza hakulipiwi hata senti moja.

Sikusudii kuwafundisha namna ya kuijaza. Wako wanaoijua kazi hiyo kuliko mimi, hasa washauri wa shule. Nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja tu ambalo karatasi huliuliza, swali lililomtoa mama mmoja machozi mbele yangu. Swali lenyewe ni hili: Mzazi wako ni nani?

Mama huyu nisimtaje jina. Alitoka upande wa Uvira, akavuka Ziwa Tanganyika, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Dada yake alifia huko kambini, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Baba wa mtoto alikuwa amekwisha kurudi Kongo kuwatafuta ndugu zake, wala hakusikika tena hadi leo. Mama akamtwaa mtoto, akamlisha, akamuuguza malaria, akamsimamia shuleni, akaja naye Amerika walipopokelewa kama wakimbizi. Sasa kijana ana miaka kumi na minane, amepata nafasi katika chuo kikuu cha jimbo, na hakuna mtu duniani amwitaye Mama ila huyu.

Walipofika penye swali la mzazi, kijana akasoma maelezo yaliyo chini yake. Karatasi yasema kwamba mzazi ni yule aliyekuzaa, au aliyekuasili kwa sheria. Babu na bibi si wazazi. Shangazi na mjomba si wazazi. Hata mlezi aliyewekwa na mahakama si mzazi kwa maana ya karatasi hii. Kijana akanyamaza. Mama akaniuliza, "Mwalimu, kama mimi si mzazi wake, mimi ni nani?"

Kabla sijajibu, majirani walikuwa wamekwisha kumjibu. Wa kwanza alimwambia, "Andika kwamba umemzaa. Nani atakwenda Uvira kuuliza?" Wa pili alimwambia, "Afadhali aandike kwamba hana mtu kabisa, anajitegemea. Mshahara wako hautahesabiwa, naye atapata zaidi." Wa tatu alimjua bwana mmoja ambaye, ukimlipa dola mia moja, atakujazia yote, wala hutajua aliandika nini. Mashauri yote matatu yalitolewa kwa mapenzi mema. Basi tuyapime.

Shauri la kwanza ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linafanana sana na kweli. Katika Kiswahili dada wa mama ni mama. Akiwa mkubwa wa mama yako ni mama mkubwa, akiwa mdogo ni mama mdogo, lakini umama haumtoki. Kwa mtoto wa dada yake mwanamke hana mpwa, ana mwana. Nao wazee wetu walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea mwana. Hata sisi tulio Wakristo hatuwezi kuudharau ulezi, maana Yusufu seremala wa Nazareti hakuwa na dai jingine kwa Mtoto ila ulezi. Basi mama huyu asemapo, "Mimi ni mama yake," hasemi uongo. Je, akiliandika neno lile lile katika karatasi, kwa nini liwe uongo?

Hapa ndipo penye fundo, nami naomba tulifungue polepole. Neno halisemwi peke yake. Husemwa na mtu kwa mtu, kwa maana ambayo wote wawili wanaifahamu. Mtu akiniuliza sokoni, "Una mkate?" naye akakusudia mkate wa kuuza, nami nikamjibu "Ninao" kwa kuwa upo mmoja nyumbani kwangu, sikusema neno la uongo, lakini nimemdanganya. Amekwenda zake akiamini jambo lisilo kweli, nami nalijua. Aulizaye ndiye anayelipa swali maana yake. Ajibuye ana uhuru wa kukataa swali, au kulieleza zaidi, au kusema wazi kwamba kwake neno hilo lina maana nyingine. Hana uhuru wa kuibadili maana kwa siri kisha akatia sahihi.

Na karatasi hii hutiwa sahihi. Aijazaye hukiri kwamba aliyoyaandika ni kweli, naye huonywa kwamba akitoa habari za uongo kwa makusudi aweza kutozwa faini ya hadi dola 20,000, au kufungwa, au vyote viwili. Wala si mama peke yake atiaye sahihi. Kijana naye hutia yake, kwa jina lake mwenyewe, na kwa wengi hiyo ndiyo sahihi ya kwanza ya utu uzima. Mama aliyemfundisha kusema kweli tangu kambini anashauriwa leo amfungulie mlango wa chuo kwa uongo ulioandikwa kwa mkono wa mtoto. Hata kama hakuna atakayejua, kijana atajua. Na kila atakapopata taabu chuoni atakuwa na hofu moja zaidi ya wenzake.

Lakini msomaji aweza kusema, "Swali lenyewe si la haki. Latudharau. Halikuitambua jamaa ya Kiafrika. Je, mtu ana deni la kusema kweli kwa swali la namna hiyo?" Mimi nami niliona uchungu huo siku ile. Baadaye nilijiuliza: karatasi yataka kujua nini hasa iulizapo habari za mzazi? Haiulizi ni nani aliyekupenda. Haiulizi ni nani aliyekesha. Yauliza ni nani ambaye sheria yamtazamia kukulipia masomo kabla serikali haijatoa fedha yake. Mapato ya mzazi huchukuliwa kutoka hesabu za kodi, hupigwa hesabu, na mwisho hutoka tarakimu ionyeshayo uwezo wa nyumba. Neno "mzazi" hapo ni neno la deni. Basi karatasi isemapo kwamba mama mdogo si mzazi, haikumvua umama wake. Imesema tu kwamba haitamdai. Aliyoyatoa aliyatoa kwa hiari, na neno alilolisikia kama tusi limemwondolea mzigo.

Nilipomweleza hivyo alifikiri kitambo, akasema, "Basi wangesema hivyo tangu mwanzo." Naam, wangesema.

Shauri la pili ni uovu wa upande mwingine. Kusema kwamba kijana hana mtu kabisa ni kumkana aliyemlea, tena kumkana kwa ajili ya fedha. Lakini angalieni: ndani ya uongo huu pia pamejificha kweli. Sheria yenyewe yakubali kwamba wako vijana ambao hawawezi kuleta habari za wazazi. Aliyefiwa na wazazi wote wawili, hata kama walikufa angali mtoto mdogo, huhesabiwa kuwa anajitegemea. Aliyewekewa mlezi na mahakama ya jimbo lake, hali kadhalika. Na sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2020, iliyoanza kutumika katika maombi ya mwaka wa masomo 2024–25, yataja hali zisizo za kawaida, na ukimbizi ni mojawapo: kijana aliyepewa hifadhi ya ukimbizi, ambaye hawezi kumfikia mzazi wake, aweza kusema hivyo katika karatasi yenyewe. Atahesabiwa kwa muda kuwa anajitegemea, kisha atapeleka maelezo na ushahidi kwa afisa wa misaada wa chuo, naye afisa ndiye ataamua.

Kwa hiyo huyu kijana hakuhitaji mama wa uongo wala upweke wa uongo. Mlango wake ulikuwapo, tena uliandikwa kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini ni mlango wa kueleza. Hukuingiza ukikubali kusema habari zako zote: mama amekufa, baba hajulikani aliko, mama mdogo amenilea na bado ninakaa kwake. Watu wengi huupita mlango huo kwa sababu wanaona aibu kusimulia. Uongo mfupi huonekana rahisi kuliko kweli ndefu. Hata hivyo mficha uchi hazai.

Shauri la tatu sitalisema sana. Mtu asiyekuonyesha alichoandika kwa jina lako amekununua, ijapokuwa wewe ndiwe uliyemlipa.

Sasa nisije nikawadanganya mimi mwenyewe. Kama ningaliishia hapa, mngesema kwamba Mwalimu afundisha kusema kweli kwa kuwa kweli ina faida. Si kila mara. Tuchukue nyumba nyingine. Baba mmoja hufanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama, huongeza saa za kazi kila juma, na kila mwezi hutuma fedha Nyarugusu kwa mama yake mzazi na kwa watoto wa kaka yake. Karatasi huitazama kodi ya mwaka wa juzi, huona mapato yake yote, wala haioni yale aliyoyatuma. Katika idadi ya watu wa nyumba huhesabiwa wanaokaa naye na kulishwa naye. Bibi aliye kambini, ingawa ugali wake watoka katika mshahara ule ule, hayumo. Baba huyu aonekana mwenye uwezo kuliko alivyo, kwa sababu ya wema wake mwenyewe.

Na yeye alishauriwa. "Mwandike mama yako kwamba anakaa hapa. Kwani si wewe unayemlisha?" Tena ni neno lile lile lenye nusu ya kweli. Moyoni bibi yule yuko mezani pao kila siku. Lakini karatasi yauliza habari za meza iliyopo hapa.

Huyu baba afanye nini? Aandike kweli, kisha ampelekee afisa wa misaada barua, amweleze fedha anazotuma, na aambatishe stakabadhi. Sheria yampa afisa mamlaka ya kutazama hali ya mtu mmoja mmoja, kama vile aliyepoteza kazi baada ya mwaka ule uliohesabiwa, au aliyelemewa na gharama za hospitali. Afisa aweza kukubali, aweza pia kukataa. Akikataa, baba huyu atapungukiwa, na mtoto wake huenda akaanza katika chuo cha miaka miwili karibu na nyumbani badala ya kile alichokitamani. Hiyo ni hasara ya kweli, wala sitaiita kwa jina jingine. Nasema tu kwamba ni hasara ambayo mtu aweza kuibeba mbele ya watoto wake bila kuinamisha uso.

"Lakini serikali ni tajiri," mtasema. "Nani ataumia?" Jibu liko katika upande wa jimbo. Msaada wa Illinois uitwao MAP hulipa karo, wala haurudishwi. Lakini fedha zake hutengwa na bunge la jimbo kwa kiasi, na katika miaka mingi zimekwisha kabla ya wote waliostahili kupewa. Aliyechelewa hukosa. Na ni nani huchelewa? Mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake hawakusoma Kiingereza, ambaye hakujua kwamba karatasi ipo, ambaye alikaa miezi akitafuta mtu wa kumweleza. Yaani ni mtoto wa jirani yetu. Anayeongeza mtu asiyekuwapo, au kupunguza mapato yaliyokuwapo, haibi katika hazina isiyo na mwisho. Amenyosha mkono katika sahani ya mwenzake, ila hakuuona uso wake.

Tena kuna kosa jingine ambalo watu wema hulifanya, nalo ni kutoomba kabisa. Niliwahi kusikia mzee akisema, "Sisi si ombaomba. Mwanangu atajilipia." Maneno mazuri, lakini aliyeyalipa ni mwana. Sheria ya elimu ya juu ya Marekani ilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 8 Novemba 1965, huko San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma yeye mwenyewe, akifanya kazi za usafi ili apate kujikimu. Hakukisahau kile kifagio. Mwaka 1972 ikaongezwa ruzuku kwa wanafunzi wasio na uwezo, ambayo tangu mwaka 1980 yaitwa kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiasi chake cha juu ni dola 7,395. Fedha hiyo hutoka katika kodi, na yule mzee wa kiwandani amekatwa kodi hiyo kila juma la mshahara. Kuomba kilichowekwa na sheria kwa ajili ya mtoto wako si kuomba sadaka, na kukikataa kwa kiburi ni kumtoza mtoto gharama ya heshima yako.

Jambo la mwisho. Nimesema kwamba atutakaye jibu la kweli ana haki nalo. Basi na sisi tuna haki hiyo hiyo kwake. Karatasi ikiisha kupokelewa na chuo kikampa kijana nafasi, hufika barua ya kumweleza "msaada" wake. Ndani yake mara nyingi ruzuku na mikopo huandikwa pamoja na kujumlishwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayewategemea wazazi waweza kufika dola 5,500. Huo si msaada kwa maana tunayoijua sisi, huo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Ikiwa mimi sina ruhusa kulipindua neno "mzazi" ili nipate fedha yao, na wao wasilipindue neno "msaada" ili tukubali mkopo wao. Someni barua hizo kwa kalamu mkononi. Pigeni mstari chini ya kila fedha itakayorudishwa. Ulizeni hata mara tatu. Kweli ni deni la pande zote mbili.

Mtataka kujua habari za yule kijana. Alijaza kwamba hali yake si ya kawaida, akaandika barua kwa afisa wa misaada, akaambatisha hati zao za ukimbizi na barua ya mwalimu wake aliyewajua tangu walipofika. Aliniletea barua ile nimsahihishie Kiingereza. Palikuwa na makosa machache, nikayasahihisha. Lakini mahali pamoja nilimwachia kama alivyoandika. Alikuwa amesema kwamba anakaa na mama yake mdogo, kisha akaeleza kwamba katika karatasi yao huyo si mzazi, naye ameijibu kwa maana yao. Ila katika lugha yake huyo ni mama, na angependa afisa alijue hilo pia, ingawa hakuna mahali pa kuliandika.

Afisa alimwita, akamwuliza maswali mengi, akazitazama hati, akakubali. Mama hakuuliza kwanza ni fedha kiasi gani. Aliuliza kama yule afisa aliisoma barua mpaka mwisho. Kijana akamwambia kwamba aliisoma.

Basi, ndugu, wakati wa karatasi umekaribia tena. Tukae na vijana wetu mezani, tusiwaachie peke yao, wala tusiwajazie uongo kwa upendo. Panapo swali lisilotujua, tulijibu kwa kweli, kisha tujitambulishe.